Kazi ya Kuweka Roho Juu

Kazi yangu ya kwanza mjini ilikuwa kubeba maboksi ya filamu. Ilikuwa mwaka 1979, nina miaka 17, nakaa kwa mjomba Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Kila jioni nilikatiza Mnazi Mmoja kwa miguu hadi mjini kati, kwenye jumba la sinema. Siku hizo Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon na mengine, na Jumapili familia nzima zilipanga foleni ya tiketi zikiwa zimevaa kama siku ya Idi.

Mzee aliyeendesha mashine alinipokea kama mwanawe. Alinifundisha kwamba filamu haiji kwa kipande kimoja. Inakuja kwa magurudumu, kila moja la dakika zisizozidi 20 hivi, na mashine ni mbili zinazopokezana. Gurudumu likikaribia kuisha, nukta ndogo inamulika kwenye kona ya juu kulia ya pazia. Hapo unawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde kama saba baadaye inatokea nukta nyingine, nawe unabadilisha. Ukichelewa, pazia linabaki jeupe na ukumbi mzima unapiga miluzi.

Kutoka kwenye kidirisha cha chumba chetu cha mashine niliwatazama watu kuliko nilivyotazama filamu. Filamu nilishaiona mara kumi, najua adui kajificha wapi. Wao hawajui. Nikagundua jambo ambalo limenilisha maisha yangu yote. Adui akitokea ghafla, ukumbi unapiga kelele, kisha watu wanacheka na kutulia. Lakini wakimwona adui nyuma ya mlango kabla steringi hajamwona, hakuna anayecheka. Chupa ya soda inaishia njiani, haifiki mdomoni. Walimu wa fasihi huiita taharuki. Sisi wa kazini tulisema tu kwamba roho za watu ziko juu.

Kisha video ikaja, na majumba ya sinema yakafungwa moja baada ya jingine. Mimi nikarudi Kariakoo, kwenye kibanda umiza kimoja karibu na Mtaa wa Kongo: mabati juu, mabenchi ya mbao, televisheni moja, na maikrofoni iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nikawa mtafsiri. Wakati huo Lufufu alishakuwa jina kubwa, sauti yake inazunguka mjini kwenye mikanda aliyoitafsiri, na kila mmoja wetu alitaka kuwa kama yeye. Wateja wetu walikuwa wapagazi, utingo, machinga na wauza mitumba waliomaliza kazi wakiwa hoi.

Mwanzoni nilikosea vibaya. Nilikuwa nimeuona mkanda mchana, basi usiku nikawa nasema kila kitu kabla hakijatokea. Tulipoonyesha *Psycho*, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960, yule mpelelezi alipoanza kupanda ngazi nikapaza sauti: "Anakufa huyo! Anakuja mtu na kisu!" Ngazi zile Hitchcock alizipanga polepole, hatua kwa hatua, mlango wa juu ukifunguka kidogo na mwanga ukiteleza sakafuni. Mimi nikaziua kwa sentensi moja. Mzee mmoja muuza kahawa aliniita nje baada ya onyesho. Akaniambia: "Mwanangu, umekula nyama, ukatuachia mifupa." Maneno yale sikuyasahau.

Nilipata nafasi ya kujirekebisha. Mwenye kibanda alinunua fungu la mikanda mikuukuu, na ndani yake kulikuwa na filamu ya Kifaransa yenye maandishi ya Kiingereza chini: ile ya Henri-Georges Clouzot ya mwaka 1953, ambayo jina lake lina maana ya mshahara wa hofu. Wanaume wanne wanaahidiwa dola 2,000 kila mmoja wapeleke nitrogliserini kwa malori mawili, barabara mbovu ya milimani, ili izime moto wa kisima cha mafuta. Kabla safari haijaanza, bosi anadondosha tone moja tu la mzigo ule mbele yao. Linalipuka.

Pale nilisema maneno machache: "Jamani, mmeona tone moja. Mzigo huu ukitikiswa, hakuna atakayezikwa." Kisha nikanyamaza. Niliwatafsiria mazungumzo, lakini njiani sikuongeza neno.

Wateja wetu wengi walikuwa watu wa malori. Kila mmoja anaijua barabara yenye mawimbi inavyotikisa bodi, anajua breki inavyokataa kwenye mteremko. Lori lilipolazimika kurudi nyuma kwenye jukwaa la mbao zilizooza, ukingoni mwa korongo, ili likate kona, utingo mmoja alisimama na kuinua mkono wake kama anayemwelekeza dereva: pole pole, pole pole, simama. Hakujua kwamba amesimama. Baadaye mtu mmoja garini anasokota sigara. Ghafla tumbaku inapeperuka kutoka kwenye karatasi, bila upepo. Wote pale wakaelewa kwamba lori lililotangulia halipo tena. Kibanda kilikuwa kimya hadi nikasikia feni.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Hitchcock alimweleza mwongozaji mwenzake François Truffaut jambo hilihili, mwaka 1962, kwa mfano wa bomu chini ya meza. Watu wanazungumza, bomu linalipuka: umempa mtazamaji sekunde 15 za mshtuko. Mwonyeshe bomu kwanza, aone na saa, kisha waache wa mezani waendelee na soga zao: umempa dakika 15 za roho juu. Nilifurahi sana kulisoma, kwa sababu nililijua tayari. Nilifundishwa na wapagazi wa Kariakoo.

Filamu ya *Girlfriend* ya mwaka 2003 ilipofungua soko la filamu za nyumbani, Kariakoo ikawa ndiyo ghala lake, na mimi nikawa mhariri, kwenye chumba kidogo Mtaa wa Aggrey. Kijana mmoja aliniletea tukio: mwanamke anachambua mchele, jambazi anachomoka nyuma ya pazia na panga, muziki unapiga kwa nguvu. Nilichukua picha ya viatu vya jambazi vilivyochungulia chini ya pazia, nikaitanguliza kabla mwanamke hajaingia. Nikaufuta muziki wote. Nikamwacha mama wa watu achambue mchele, punje kwa punje, nusu dakika nzima. Mlango ulikuwa wazi nilipokuwa nikimwonyesha yule kijana. Fundi cherehani wa barazani, aliyekuwa akitupia jicho, aliacha kukanyaga cherehani yake hadi tukio likaisha. Kijana hakuniuliza tena muziki umekwenda wapi.

Siku hizi vijana wananiletea filamu walizozihariri kwa simu. Vifaa vyao vinapita vyote nilivyowahi kugusa. Lakini wengi wanaficha hatari hadi mwisho wakidhani ndiyo ufundi, halafu wanaijaza kelele. Ninawaambia, na ninawaandikia hapa: mtazamaji wenu ana akili, na amelipa kwa jasho. Mpeni siri mapema, mmwamini nayo, kisha nyamazeni. Viatu viko chini ya pazia. Mchele ungali kwenye ungo. Hapo kazi yenu imeanza.