Lushoto si mbali, ila iko juu: Itazame safari ya watoto kwa ubavuni

Kwenye ramani ya simu, Mombo na Lushoto ni majirani. Ni kilomita kama 33 za lami, na basi likishaiacha barabara kuu pale Mombo, mzazi anaona amekwishafika. Ramani haimwambii kwamba kupanda ndiyo kwanza kunaanza.

Mombo iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko kwenye mita 1,400 hivi. Yaani mtoto anapandishwa karibu kilomita nzima kwenda juu, kwa barabara ya kona nyingi inayopita Soni.

Mlima huo unaweza kuuona kabla ya kufunga mabegi. Google Earth Pro, programu ya bure ya kompyuta, inakuruhusu kuchora mstari kufuata barabara. Ukiubofya mstari huo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, utapata nafasi ya kuomba mchoro wa mwinuko. Chini ya ramani unatokea mlima uliokatwa kama mkate, ukiutazama kwa ubavuni. Pitisha mshale juu ya mchoro, na alama itatembea kwenye ramani ikikuonyesha urefu wa kila mahali na ukali wa mteremko. Asilimia 10 maana yake kila mita 100 unazokwenda, unapanda mita 10.

Sasa chora mstari mwingine, kutoka Lushoto kupitia Irente hadi Mazinde. Mchoro unapanda na kushuka kidogo, kisha unaporomoka ghafla. Hapo ndipo wageni husimama kutazama mashamba ya mkonge yaliyo chini kabisa. Soma namba zaidi ya umbo, maana programu huvuta urefu ili mlima uonekane vizuri.

Namba hizo zina maana kwa afya ya familia. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Mtoto aliyeondoka Mombo na fulana atahitaji sweta Lushoto, hasa usiku wa Juni na Julai.

La pili ni malaria. Vimelea vyake vinahitaji joto ili vikomae ndani ya mbu, ndiyo maana maambukizi katika Usambara hupungua kadiri unavyopanda. Lakini neema hiyo ina upande wa pili: mtoto aliyekulia juu hajajenga kinga kama mwenzake wa bondeni. Akishuka likizo kwa bibi yake Mazinde, malaria inaweza kumshika vibaya.

Tena homa haiji siku hiyo hiyo. Mara nyingi huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, wakati mtoto amesharudi kwenye baridi na mama anadhani ni mafua. Vivyo hivyo kwa mtoto wa Dar es Salaam anayepanda Lushoto akiwa tayari ameambukizwa.

La tatu ni miguu. Zahanati iliyo kilomita 3 kwenye ramani ni safari nyingine kabisa kwa mjamzito anayepanda mteremko mkali. Familia ya milimani ikichora njia hiyo mapema, itajua ni wapi miguu haitoshi na bodaboda iandaliwe, badala ya kungoja uchungu uanze usiku.

Likizo ikifika, wanaopanda wabebe nguo za baridi, na wanaoshuka wabebe chandarua chenye dawa. Mtoto akipata homa ndani ya wiki chache za safari, mpeleke akapimwe ndani ya saa 24, na umwambie mhudumu mapema: “Huyu alikuwa bondeni.”