Keekee ya Marehemu

Marehemu baba yetu, fundi wa majahazi, alituachia keekee ya uta, iliyotoboa mbao ili misumari isizipasue. Warithi tulipokutana, mdogo wetu mmoja alitaka iuzwe pamoja na vyuma chakavu. Nikamwomba aitazame kwanza. Chuma chake ndicho keekee. Mti unaokishika ni msukano. Kishikio cha juu ni jivu. Na upinde wenye kamba ndio uta. Vyote vinne vikiwa vya asili, thamani hupanda; kimoja kikibadilishwa, hushuka. Wala usiisugue: weusi ulioachwa na mikono ya fundi ni shahidi wa umri wake. Ndugu msomaji, hii nayo ni mali ya mirathi. Ikadirieni thamani kwa haki kabla ya kugawana, asije akadhulumiwa mjane wala yatima.