Jiwe la Maldivi, Jiwe la Kizimkazi

Jumatano, 15 Februari 2012. Kiponda, Zanzibar

Habari za Maldivi zimenikosesha usingizi. Tarehe 7 mwezi huu, siku ileile aliyojiuzulu Rais Nasheed, kundi la wanaume liliingia Makumbusho ya Taifa mjini Malé na kuvunja masanamu ya kale. Vinatajwa vitu karibu 30, yaani takriban kila kilichokuwa kimesalia cha zama za kabla ya Uislamu katika visiwa vile. Vichwa vya Buddha vilivyochongwa kwa matumbawe, sanamu yenye nyuso sita, vingine vya karne ya 6. Wenye makumbusho wanasema vingi vimesagika, haviungiki tena.

Nimejiuliza kwa nini yananiuma hivi, na Malé sijafika. Jibu si gumu. Wale ni watu wa visiwa, Waislamu, wavuvi, wajenzi wa matumbawe, watu wa kungoja upepo. Kauri zao zilizunguka bahari hii yote. Walisilimu mwaka 1153. Ibn Battuta, baada ya kupita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuja kuwa kadhi wao miaka kama kumi na kitu baadaye, naye ndiye aliyetuachia kisa cha kusilimu kwao: kila mwezi jini akitoka baharini kudai msichana, mpaka akatokea mgeni aliyehifadhi Qur'ani, Abu al-Barakat al-Barbari, akakesha akisoma na jini akakoma. Wako wanaosema huyo al-Barbari alitoka Berbera, pwani ya Somalia. Ikiwa ni kweli, basi alitoka upande wetu.

Kabla yake, kwa mamia ya miaka, visiwa vile vilikuwa vya Wabuddha. Mwaka 1958 katika kisiwa cha Thoddoo walifukua gofu la hekalu, wakakuta sanamu ya Buddha, na pamoja na vitu vilivyozikwa humo, sarafu ya fedha ya Kirumi ya mwaka 90 kabla ya Kristo. Mababu waliosilimu waliviacha ardhini miaka mia nane. Havikuwadhuru kitu.

Jumamosi, 18 Februari. Mjini

Asubuhi nimekwenda Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho. Kaskazi inavuma vizuri, Forodhani kumejaa watalii, lakini ndani ya jumba mlikuwa na watu wachache. Nilitaka kuona kwa macho yangu kama Unguja tuna chochote kilichotoka katika nchi za Wabuddha.

Mzee wa mlangoni ananijua kwa sababu ya wanafunzi ninaowaleta.

"Assalamu aleikum, mzee wangu."

"Waaleikumu ssalam, Maalim. Leo peke yako?"

Nikamwambia natafuta vitu vya Wabuddha. Akanitazama kidogo. "Masanamu hapa hatuna, Maalim. Tuna mtepe, tuna milango, tuna vigae."

Mtepe nimeupita haraka, ingawa kila mara hunishika: chombo kizima kimeshonwa kwa kamba za nazi, hakina msumari hata mmoja, na ubavuni pake ukisimama unasikia bado harufu ya makumbi. Nimekwenda kwenye vigae.

Nimekaa sana mbele ya vile vya Unguja Ukuu, bandari ya kale ya hapa kisiwani. Kuna kipande cha chombo cha Kichina, kipana kama kiganja cha mtoto, rangi yake ya udongo unaoelekea manjano, na juu yake mstari wa kahawia na mwingine wa kijani imepigwa kwa brashi mara moja, bila kurudia. Mchoraji alikuwa na haraka. Wino wa kijani umevuja kidogo ukingoni, ukaingia kwenye kahawia, na palipovunjika unaona tabaka la kioo lilivyo jembamba na udongo wa ndani ulivyo wa kijivu. Vyombo vya namna hii vilifinyangwa Changsha, China, wakati wa ukoo wa Tang. Jahazi lililozama Belitung huko Indonesia, likagunduliwa 1998, lilikuwa na mabakuli ya Changsha zaidi ya 50,000, na moja limeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Lenyewe jahazi lilikuwa la kushonwa, la ufundi wa upande huu wa bahari. Katika mabakuli yale wachoraji walitia kila alama waliyoona itauzika: mayungiyungi na alama za Kibuddha kwa wateja hawa, mistari ya kuiga maandishi ya Kiarabu kwa wateja wale. Karakana moja, mikono ileile, tanuri moja.

Kando yake shanga za kioo, ndogo kupita punje za mtama, nyekundu iliyofifia, njano, na buluu. Shanga za aina hii zilitengenezwa India ya Kusini na Sri Lanka. Katika bandari ya Mantai, Sri Lanka, wamechimbua mabaki ya kazi hiyo. Mantai ndiyo ilikuwa bandari ya Anuradhapura, mji wa wafalme Wabuddha na mastupa makubwa ya matofali, yaani majengo yao ya ibada, na Unguja Ukuu ilipokuwa hai, kati ya karne ya 6 na ya 10, Anuradhapura nayo ilikuwa hai. Kwa hiyo ninapotazama ushanga huu natazama kitu ambacho huenda kilipita sokoni chini ya kivuli cha stupa kabla ya kuvaliwa shingoni na binti wa hapa kwetu.

Nilipotoka nimesimama kwenye milango. Watu wengi hupenda kusema kwamba yungiyungi lililochongwa kwenye milango ya Zanzibar ni la Buddha. Mimi sikubali. Milango ya Beit al-Ajaib ni ya enzi za Sayyid Barghash, jumba lilijengwa 1883, na yungiyungi limechongwa Misri na India kwa maelfu ya miaka na watu wa dini nyingi. Ushahidi wa haraka namna hiyo unaharibu ushahidi wa kweli. Kigae na ushanga vinatosha.

Jumatatu, 20 Februari

Baada ya Isha tumekaa barazani na Ami. Nimemweleza habari ya Malé. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, kisha akauliza:

"Nabii Ibrahim alifanya nini, mwanangu?"

"Alivunja masanamu, Ami."

"Basi?"

Nikamwambia Nabii Ibrahim alivunja yaliyokuwa yakiabudiwa mbele ya macho yake, na watu wa mji walipomkamata waliyalilia kama miungu. Malé hakuna aliyeyasujudia. Yalikuwa kabatini, na Wamaldivi wenyewe, Waislamu kizazi baada ya kizazi, ndio walioyahifadhi. Nikamkumbusha Amr ibn al-As. Yeye na masahaba waliingia Misri, wakakuta masanamu makubwa kuliko nyumba, na mengi yamesimama mpaka leo.

Ami akanywa kahawa yake. Akasema: "Hilo la Amr nalikubali. Lakini usimlaumu kijana aliyelelewa akiambiwa sanamu ni mlango wa shirki. Hofu yake ni ya kweli."

Sina ubishi na hilo. Nadhani hofu ile ndiyo mwalimu anapaswa kukaa nayo na kuizungumza mchana, kabla haijakutana na ghasia za siasa na nyundo. Ami ana miaka mingi ya kusomesha chuoni na hajawahi kunifungia mlango wa swali. Tumeagana saa nne, hatukukubaliana yote.

Jumapili, 26 Februari. Kizimkazi

Nimeshuka na daladala mpaka Dimbani, nikasali Adhuhuri katika msikiti wa kale. Nje ukiutazama, paa la bati na kuta za chokaa, hudhani chochote. Ndani, ukutani mwa kibla, yamechongwa maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Ni miaka arubaini na kitu kabla Wamaldivi hawajasilimu. Kuna maandishi mengine ya ukarabati wa 1184 Hijra, karne ya 18 ya kalenda ya Kizungu.

Baada ya sala nimeomba ruhusa nikae karibu na mihrabu. Herufi za Kikufi zinapanda juu na ncha zake zinachanua majani, na baina ya herufi fundi hakuacha nafasi tupu. Ukisogeza jicho unaona jiwe lenyewe: vitundu vidogo vidogo, nyota nyota, ambavyo ni nyumba za wadudu wa matumbawe walioishi baharini. Fundi alilichonga likiwa bichi. Matumbawe haya hukatwa chini ya maji, yakitolewa yanakuwa laini, patasi inapita bila shida, na yakishakauka juani yanakuwa magumu na kubaki na kila mkato kwa karne nyingi. Ndiyo maana ncha ya jani la herufi bado ni kali.

Na hili ndilo lililonifunga mbele ya ukuta ule. Wamaldivi walichonga kwa jiwe hilohilo na kwa njia hiyohiyo. Walianza kwa mahekalu ya Buddha, wakaendelea kwa misikiti. Msikiti wa Ijumaa wa Malé wa karne ya 17 ni kazi ya matumbawe inayosifiwa duniani. Dini ilibadilika, mikono ya mafundi haikukatwa. Baba aliyechonga kichwa cha Buddha alimrithisha mwanawe patasi, na mjukuu wa mjukuu akachonga aya. Kile kichwa kilichosagwa mwezi huu kilikuwa darasa la mafundi wa msikiti. Nimekaa pale nikihisi kwamba tumefiwa, sisi pia.

Imamu msaidizi alinikuta bado nimeketi. "Maalim, kuna unachohitaji?" Nikamwambia hapana, sheikh, nasoma tu. Akaniletea maji.

Jumamosi, 3 Machi. Unguja Ukuu

Nimekwenda na wanafunzi wa Form Three. Tumeomba ruhusa kwa sheha, na nimewaapisha wote kwamba hauokotwi hata ushanga mmoja. Kinachoonekana ni mashamba ya muhogo, minazi, mikoko, na maji kupwa. Hakuna ukuta. Wanafunzi wengine walivunjika moyo, walitarajia magofu. Kisha msichana mmoja akachuchumaa akaniita.

"Maalim, hiki si cha kwetu."

Kigae kidogo cha kijani cha bahari, kinang'aa upande mmoja, upande wa pili udongo wa njano uliolegea. Hicho ni cha Ghuba, nikawaambia, mitungi iliyoletwa na mafuta au asali ya tende kutoka Basra na pande zile. Wakaanza kuviona kila mahali, vya Ghuba na vyungu vya kwetu vyenye michoro ya pembetatu shingoni, vimechanganyika matuta kwa matuta. Nikawasimulia habari za Abdurahman Juma, Mzanzibari aliyechimba hapa na kuandika kitabu chake Uppsala mwaka 2004. Nikawaambia juu ya dinari ya dhahabu ya mwaka 798, ya zama za Harun al-Rashid, yenye jina la waziri wake Ja'far, iliyopatikana hapa katika karne ya 19 pamoja na nyingine.

Nikawapeleka kwa simulizi mbali zaidi, mpaka kisiwa cha Sokotra. Katika pango la Hoq, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wabelgiji walikuta maandishi zaidi ya 200 gizani, mengi ya mabaharia wa India wa kati ya karne ya 1 kabla ya Kristo na ya 6 baada yake. Wengi waliandika majina tu. Wengine walikuwa Wabuddha, wakachora stupa ukutani kwa mkaa au tope, ndani kabisa ambako jua halifiki. Upepo uliowafikisha Sokotra ndio huu uliokuwa ukitupeperushia vumbi la muhogo usoni.

Jumanne, 6 Machi. Skuli

Swali lilikuja, nilikuwa nalingoja. Kijana wa safu ya nyuma, mkweli, anayesoma chuoni kila jioni: "Maalim, sisi Waswahili tulikuwa na masanamu?"

Nikawaeleza habari za simba wa Shanga, kisiwa cha Pate. Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980, akakuta msikiti chini ya msikiti, wa chini kabisa wa miti, wa karne ya 8. Na katika mji huohuo wa Waislamu akakuta simba mdogo wa shaba, wa sentimita 6 hivi, wa karne ya 11 au karibu na hapo, ambaye umbo lake linafanana na kazi za ibada za India. Watu waliosali mara tano kwa siku waliishi naye mji mmoja.

"Walimfanyia nini?" akauliza.

Nikasema fundi anaweza kuwa alimnunua kwa ajili ya shaba, mfanyabiashara wa Kihindi anaweza kuwa alimwacha, mtoto anaweza kuwa alimchezea. Darasa likagawanyika. Mmoja alisema angemtupa baharini. Msichana aliyeokota kigae kwa macho akamjibu kwamba baharini ndiko alikotoka. Niliwaacha wabishane mpaka kengele.

Kazi niliyowapa: kila mmoja achague kitu kimoja na kukiandikia maelezo ya makumbusho, kimetengenezwa wapi, na nani, kimefikaje kwetu. Yule kijana wa nyuma nimempa simba. Amenifuata ofisini kuuliza kama anaruhusiwa kuandika kwamba kumuabudu ni haramu. Nimemwambia aandike, ila kwanza aandike urefu wake, shaba yake, na alikochimbuliwa.