GEREJI YA NYUMBANI: TUIJENGE BILA KUMDHURU MTOTO, JIRANI WALA ZIWA

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ndugu wazazi na vijana wetu, leo tuzungumzie jambo ambalo kurasa za familia huligusa kwa nadra, nalo ni gereji tunazozifungua ndani ya nyua zetu.

Hapa kwetu Rumonge, na mwambao wote wa Tanganyika upande wa Burundi, vijana wengi wanapenda magari. Pita mitaani baada ya swala ya Alasiri utaona Corolla au Probox imefunguliwa boneti uani, na vijana watano wameinamia injini. Mwenye gari ni mmoja, lakini wapenzi wa gari ni mtaa mzima. Baadhi yao ni wanafunzi wetu wa madrasa, na wazazi hutuuliza: Ustadhi, tuwaache au tuwakataze?

Jibu letu ni kwamba tuwaache, tena tuwasaidie. Kazi ya mkono ina heshima kubwa katika dini yetu. Nabii Daawuud (A.S.) alikuwa mfalme, na juu ya hayo alikula kutokana na kazi ya mikono yake. Aya ya 10 na ya 11 za Suuratu Sabaa zinaeleza kwamba Allaah alimlainishia chuma, kisha akamuamrisha atengeneze nguo za vita na apime vizuri pete zake. Na aliyefika Buyenzi, mtaa wa Waswahili pale Bujumbura, ameona jinsi ufundi wa magari ulivyolisha familia nyingi. Kijana anajifunza kwa mjomba wake, anaanza kwa kushika tochi na kuosha plaga, na baada ya miaka anafungua injini peke yake. Kijana aliye uani kwao na spana mkononi, baba yake akimuona, ni bora kuliko aliyepotelea tusikokujua.

Lakini nyumba ni nyumba. Gereji ya mjini ikifungwa jioni, watu wanaondoka. Gereji ya nyumbani inalala pamoja na watoto. Kwa hiyo tuna neno moja la kuwaambia: pesa ya kwanza isinunue spana za kung'aa. Pesa ya kwanza inunue usalama wa wanaolala humo. Tutaeleza kwa mpangilio, In Shaa Allaah.

1. MAHALI PA KUFANYIA KAZI

Gereji nzuri ya uani ni paa la bati juu ya nguzo, pande zake zikiwa wazi, na chini sakafu ya zege iliyo sawa. Msiifunge kwa kuta nne. Moshi wa injini una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na injini ikiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa, mtu hulegea akafa bila kujua kilichompata. Allaah ametupa upepo wa ziwa, tuuache upite.

Vijana wengi hutamani kuchimba shimo la kuingia chini ya gari. Kwa sisi tunaokaa karibu na maji, tunashauri msichimbe. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka shimoni na kukaa humo ukingoja cheche moja. Pia tuliona mwaka 2021, na tena mwaka 2024, jinsi ziwa lilivyopanda likaingia kwenye nyumba na njia za mwambao. Shimo la gereji likijaa maji, oili yote iliyokuwa chini inaelea na kutoka kwenda kwa majirani na ziwani. Ngazi mbili za chuma za kupandishia magurudumu zinatosha.

2. GARI LILILONYANYULIWA

Jeki imetengenezwa kunyanyua. Haikutengenezwa kushikilia gari wakati mtu yuko chini yake. Mpira mdogo wa jeki ukivuja, gari linashuka mara moja, na halimsubiri mtu kusema laa ilaaha illa Allaah.

Nunueni stendi mbili za chuma kabla ya kifaa kingine chochote. Kama pesa haijapatikana, tumieni magogo mapana ya mti mgumu yaliyopangwa kwa kupishana. Matofali ya udongo na ya saruji msiyatumie kabisa, kwa sababu hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Wekeni vizuizi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, kisha lisukumeni gari kwa mkono kabla ya mtu kuingia. Likitikisika, hakuna kuingia. Na mtoto mdogo asiingie chini ya gari hata likiwa juu ya stendi.

3. PETROLI NDANI YA NYUMBA

Hili ndilo linalotutia hofu kuliko yote. Kwa sababu ya uhaba wa mafuta wa miaka hii, watu wengi wakipata petroli, au esansi kama tunavyoiita, hawaachi hata lita moja. Wanaijaza kwenye madumu na kuyaficha chumbani, chini ya kitanda, au nyuma ya jiko. Tunaelewa dhiki yao. Mtu aliyepanga foleni siku mbili hawezi kuacha dumu lake nje liibiwe. Lakini Mtume (S.A.W.) alitukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tunapolala, baada ya nyumba moja ya Madina kuungua usiku na watu wake. Habari hii wameipokea Bukhari na Muslim. Ikiwa moto wa taa tu umekatazwa, vipi dumu la petroli karibu na makaa?

Fahamuni jinsi inavyotokea. Dumu la plastiki la kawaida linavimba kwa joto la huku kwetu, kifuniko kinalegea, na mvuke unatoka. Hauendi juu. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango mpaka unalikuta jiko la mama chumba cha pili. Moto unarudi kwa njia ile ile.

Na kuna hatari nyingine ya Rumonge hasa. Mji wetu ni mji wa mawese. Dumu la manjano lililobeba mawese leo ndilo linalobeba maji kesho, na keshokutwa petroli. Oili ya breki nayo tunaiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, na maji ya rejeta yenye dawa ya rangi kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu hasomi. Anaona chupa anayoijua, anakunywa. Na dawa hiyo ya rejeta ina utamu, kwa hiyo hataitema.

Basi tufanye haya:

- Petroli isilale ndani ya nyumba wala karibu na jiko. Ijengewe kibanda kidogo cha tofali, mbali na kuta za vyumba, chenye kivuli, matundu ya hewa na kufuli. Humo ikae kwenye chombo kilichotengenezwa kwa mafuta, na iwe kidogo kadiri inavyowezekana.
- Dumu lililowahi kubeba petroli au oili lipakwe rangi nyekundu shingoni, na lisirudi kwenye mawese wala maji maisha yake yote, hata likioshwa mara saba.
- Kitu chochote cha gari kisiwekwe kwenye chupa ya kinywaji.
- Usiku usichungulie tangi kwa mshumaa wala kwa taa ya mafuta ya taa. Tochi au taa ya sola inatosha.
- Ndoo mbili za mchanga mkavu ziwe karibu daima. Mchanga wa ufukweni tunao bure. Moto wa petroli usimwagiwe maji, maji huusambaza.
- Petroli isivutwe kwa mdomo kwenye mpira. Ikiingia mapafuni inaweza kuua.
- Mtoto akinywa petroli, msimtapishe. Mpelekeni hospitali upesi, na chukueni chombo alichonywea ili daktari akione.

4. OILI CHAFU NA ZIWA LETU

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali penye kina kirefu zaidi. Ni la pili duniani kwa kina. Mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, na maji yanayoingia hukaa humo kwa karne nyingi. Maana yake ni kwamba tunachokitupa leo, wajukuu wa wajukuu zetu watakikuta. Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulilinda ziwa hili mwaka 2003 jijini Dar es Salaam. Lakini mkataba hauwezi kusimama uani kwako unapobadilisha oili. Anayeweza ni wewe.

Ziwa hilo ndilo tunalovua ndagala, tunaloteka maji, na wengi wetu ndilo tunalotilia udhu. Mtume (S.A.W.) amekataza kuchafua njia za maji, barabara na vivuli wanavyopumzikia watu. Oili chafu ina vumbi la chuma na sumu. Ikingeni kwenye beseni, muimimine kwenye dumu lililofungwa, na likijaa mkabidhi fundi mkubwa anayeikusanya. Isimwagwe kwenye mtaro, kwa sababu mitaro yetu yote inaelekea ziwani. Betri iliyokufa nayo ina risasi na asidi, isivunjwe uani. Na misumari na vipande vya vyuma viokotwe kila jioni, kwani kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika imani.

5. KUPIMA SAWASAWA

Tumetaja kwamba Nabii Daawuud aliamrishwa apime. Fundi naye apime. Nati za gurudumu zikikazwa kwa kukisia, ama zinafunguka njiani, ama zinavuta mpaka zinakatika. Kwenye Corolla nyingi kipimo ni Nyutoni-mita 103. Spana ya kupimia ni ghali, basi vijana watano wachange wanunue moja ya mtaa mzima.

Vilevile angalieni taa. Magari yetu mengi yalitoka Japani kupitia Dar es Salaam na usukani uko kulia, nasi Burundi tunaendesha upande wa kulia. Taa zake zimetengenezwa kumulika juu zaidi upande wa kushoto, kwa kuwa Japani huko ndiko ukingoni mwa barabara. Kwetu, kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Katika kilomita zipatazo 75 za kwenda Bujumbura usiku, unampofusha kila unayepishana naye. Dawa kamili ni taa za nchi zinazoendesha kulia. Zisipopatikana, mushushe mwanga kidogo kwa kuupima ukutani.

6. SWALA, SATARA NA AMANA

Adhana ikiingia, nyundo isimame. Katika udhu, grisi iliyofanya tabaka juu ya ngozi inazuia maji, lazima iondolewe. Doa la rangi lililobaki bila tabaka halina neno. Msioshe mikono kwa petroli, inaharibu ngozi. Pakeni mawese kidogo, sugueni, kisha sabuni. Grisi inatoka vizuri.

Gereji iwe na mlango wake, vijana wa watu wasipite mbele ya mama na dada zenu. Na hao dada nao wafundishwe kupima oili, maji na upepo wa magurudumu, kwani gari haliharibikii wanaume peke yao.

Gari la mtu ni amana. Lisiendeshwe kwenda harusini, na kipuri cha zamani arudishiwe mwenyewe akione. Na jirani aulizwe kuhusu kelele na moshi, kwa maana imani ya mtu haikamiliki mpaka jirani yake asalimike na shari zake.

Ndugu zetu, wiki hii tuanze na dogo: kila baba azunguke nyumba yake ahesabu madumu na chupa, ajue kila moja ina nini. Kisha alitoe la petroli chumbani kabla ya Ishaa.

Tunamuomba Allaah awahifadhi watoto wetu, awape vijana wetu riziki ya halali kwa mikono yao, na ailinde miji yetu ya mwambao na moto na mafuriko. Aamiyn.

Wabillaahi tawfiyq. Wassalaam alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.