Kijana akianguka na kinga

Asubuhi, tukitoka Lubumbashi kwa barabara ya Kasenga, tunapishana na vijana wa makala. Kila mmoja anasukuma kinga yake, magunia yamepita kichwa. Kwenye mteremko mzigo unawasukuma kwa nyuma, na breki zikiwa dhaifu, wanaanguka. Jioni tunapikia makala hayo bukari na sombe.

Wakimaliza kuuza, wanarudi bila mzigo, na hapo wanashindana mbio kwenye mteremko uleule. Aliyeanguka pengine anaapa hatapanda tena, ama anapanda kabla hajapona. Yote mawili yanatuumiza sisi mama zao.

Tumkumbuke Adrien Niyonshuti wa Rwanda. Katika mauaji ya 1994, akiwa na miaka 7, alifiwa na ndugu zake sita. Alikua, akashika baiskeli. Mwaka 2012 alibeba bendera ya nchi yake kwenye Olimpiki ya London na kushindana mbio za baiskeli za milimani. Alikuwa wa 39. Medali hakupata, lakini alifika mwisho.

Basi mtoto akianguka, tusimcheke wala tusimharakishe. Akigonga kichwa, kisha akatapika ama kusinzia ovyo, apelekwe hospitali mara moja. Jeraha likipona, aanze na mteremko mdogo, akivaa kofia ngumu.

Na likelemba yetu ikibakiza kidogo, tumnunulie kijana mmoja mipira ya breki.