Mashine Iliyowaka Ikagoma

Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni baridi ya Ufipa huuma hadi mifupani. Mama yangu anaugua baridi yabisi ya vidole. Ndiyo maana nilijibana nikamnunulia mashine ya kufulia. Asubuhi moja taa zake ziliwaka, lakini haikuzunguka. Niliufunga mlango upya hadi komeo likashika, nikaondoa saa ya kuchelewesha na kufuli la watoto. Wapi! Nikaanza kuulaumu umeme, huku mama akikunja mikono ya gauni na kuliendea beseni.

“Mwanangu,” aliniuliza, “maji yanaingia?”

Niliona haya. Nilichomoa waya ukutani, nikafunga bomba, nikafungua mpira wa maji. Kichujio chake kilikuwa kimezibwa na tope. Mashine haianzi kufua mpaka maji yafike kimo chake. Nilikisafisha, nikakirudisha, ikanguruma.

Ndugu msomaji, kabla ya kumwita fundi, kagua mlango, saa na maji. Nami nimejifunza kumsikiliza aliyefua tangu sijazaliwa.