Nani Ameshika Ufunguo wa Tovuti ya Chuo?

Chuo kikuu ninachofundisha kimezindua tovuti mpya. Utepe ulikatwa, hotuba zilitolewa, mkandarasi akapigiwa makofi. Mfumo wa zamani wa kusimamia maudhui, ambao haukuhuishwa kwa miaka mingi, umeondolewa na mahali pake umewekwa mwingine wenye sura ya kisasa. Kwa kuwa nilikuwa mjumbe wa kamati ya kazi hiyo kwa niaba ya ndaki yetu, wanafunzi na wenzangu kadhaa wameniuliza nina maoni gani. Maoni yangu ni kwamba kazi hii, ambayo wengi waliichukulia kuwa ya mafundi, ilikuwa ya kisiasa tangu siku ya kwanza, na kwamba maswali yake makubwa yaliamuliwa bila kujadiliwa.

Nianze na msomaji asiye wa fani ya TEHAMA. Katika miaka ya mwanzo ya tovuti, aliyetaka kubadilisha hata nukta katika ukurasa alilazimika kumwendea mtaalamu aliyejua kuandika msimbo. Mifumo ya kusimamia maudhui ilikuja kuvunja utegemezi huo. Ilitenganisha maneno na sura: fundi hutengeneza sura mara moja, kisha katibu wa idara, mkutubi au mhadhiri huingia kwa nywila yake, akaandika na kuchapisha. Ahadi yake, kwa maneno mengine, ilikuwa kuirudisha kalamu kwa mwenye habari.

Tovuti yetu ya zamani iliendeshwa na Joomla, na jina hilo lina kisa ambacho Waswahili tunapaswa kukijua. Mwaka 2005 wataalamu waliokuwa wakiuendeleza mfumo uitwao Mambo walitofautiana na kampuni iliyomiliki jina hilo kuhusu nani awe na kauli ya mwisho juu ya kazi yao ya pamoja. Walijitenga, wakachukua msimbo ambao leseni yake huria iliwaruhusu kuuchukua, na Septemba mwaka huohuo wakatoa mfumo wao. Jina walilolichagua ni neno letu la jumla, lililoendelezwa kwa tahajia ya Kiingereza, kwa maana ya wote kwa pamoja. Watu wa mbali walipotafuta neno la kueleza kwamba chombo cha umma kisitawaliwe na mmoja, walilikuta katika Kiswahili. Sisi wenye neno tumejenga tovuti ambayo kila kitu hupita mlango mmoja.

Nieleze mlango huo. Kila mfumo wa aina hii una jedwali la ruhusa. Humo huandikwa nani anaweza kuandika rasimu, nani anaweza kuhariri, nani anaweza kuchapisha, nani anaweza kufuta. Jedwali hilo ndilo katiba ya tovuti. Mengine ni mapambo. Kamati yetu ilitumia vikao vingi kujadili rangi ya bluu, ukubwa wa nembo na picha ya nani ikae mbele. Jedwali la ruhusa lililetwa mwishoni mwa kikao kimoja, jioni, watu wakiwa wameshafunga makabrasha yao, likapita. Kwa mujibu wake, idara zote zinaweza kuandika rasimu, lakini ofisi ya uhusiano peke yake ndiyo inayoweza kuchapisha.

Matokeo hayakuchelewa. Tangazo la kubadilishwa kwa ukumbi wa mtihani lilichapishwa baada ya mtihani wenyewe kwisha. Ratiba za semina hukaa katika foleni ya rasimu mpaka semina zipite. Idara nazo, kwa kuona hivyo, zimehamishia matangazo yao kwenye makundi ya WhatsApp. Hapa ndipo ninapoomba watumishi wa umma wanisikilize kwa makini. Habari iliyopaswa kuwa ya wote imegeuka habari ya walio ndani ya kundi. Mwanafunzi ambaye simu yake imeibwa, mwombaji ambaye bado hajadahiliwa, mzazi aliyeko Kasulu au Newala, wote wako nje. Tulifunga mlango wa mbele kwa jina la utaratibu, na habari zikatokea dirishani bila utaratibu wowote.

Sidharau hofu ya ofisi ya uhusiano. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018, kila mwenye kuchapisha katika nchi hii anajua kwamba neno moja linaweza kumfikisha pabaya, na ofisi ambayo jina lake litatajwa kwanza ina haki ya kuwa makini. Lakini mifumo hii hutunza kumbukumbu ya kila badiliko: nani alibadilisha, lini, na maandishi yalikuwaje kabla. Kosa la asubuhi linaweza kurekebishwa kabla ya adhuhuri, na mwenye kosa akajulikana. Uwajibikaji unapatikana bila kufuli. Tulichokosa ni imani kwamba mkuu wa idara aliyekabidhiwa wanafunzi mia kadhaa anaweza kukabidhiwa pia ukurasa mmoja.

Jambo la pili linaniuma zaidi, nalo ni kumbukumbu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tovuti ya zamani, pamoja na uchakavu wake, ilikuwa daftari. Humo mlikuwa na viwango vya ada vya miaka iliyopita, almanaka za zamani, taarifa za mwaka, na matamko ya jumuiya ya wanataaluma kuhusu mikopo ya wanafunzi na mazingira ya kazi. Katika kuhamia mfumo mpya ilitayarishwa orodha ya kurasa za kuhamishwa. Taarifa za zamani hazikuwamo. Matamko hayakuwamo. Niliuliza nani aliitayarisha orodha hiyo, nikajibiwa kwamba mkandarasi aliipokea kutoka chuoni. Chuoni nikajibiwa kwamba ilitoka kwa mkandarasi. Orodha yenyewe haina saini.

Sina ushahidi kwamba mtu alikusudia kufuta chochote, na sitamsingizia yeyote. Lakini ndiyo hatari yenyewe. Zamani, aliyetaka kuteketeza majalada alihitaji kibiriti na ujasiri wa kuonekana na moshi. Leo inatosha kutokuandika jina la ukurasa katika orodha. Mwanafunzi wetu mmoja wa uzamili, anayeandika tasnifu kuhusu uchangiaji wa gharama katika elimu ya juu, alikuwa amenukuu kurasa hizo kwa anwani zake kamili, kama tunavyowafundisha. Mtahini alipozifungua akakuta namba 404, yaani ukurasa haupo. Mwanafunzi akatakiwa athibitishe kwamba hakubuni vyanzo vyake. Chuo kilifuta ushahidi, kisha kikamdai mwanafunzi ushahidi.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, mwasisi wa wavuti, aliandika waraka mfupi akieleza kwamba anwani ya ukurasa ikitungwa vizuri haina sababu ya kufa hata mfumo ulio nyuma yake ukibadilishwa. Na pale inapobidi anwani ibadilike, ipo namba nyingine, 301, inayomwelekeza msomaji kwenye anwani mpya bila yeye kuhangaika. Tofauti ya namba hizo mbili ni tofauti ya mpangaji aliyeacha ujumbe mlangoni kwamba amehamia mtaa wa pili na yule aliyetoweka usiku. Kuandaa maelekezo hayo kungechukua siku chache za kazi. Hakukuwamo katika mkataba kwa sababu hakuna aliyekudai.

Sehemu ya kurasa hizo tumezipata katika Internet Archive, maktaba ya mtandaoni yenye makao yake San Francisco, ambayo tangu 1996 hunakili kurasa za dunia. Nawashukuru. Lakini tafakari, msomaji, maana yake: ili tujue chuo cha umma cha Tanzania kilitoza ada kiasi gani miaka michache iliyopita, tumelazimika kubisha hodi California. Na Oktoba 2024 maktaba hiyo yenyewe ilishambuliwa na wadukuzi, ikafungwa kwa siku kadhaa. Kumbukumbu inayotunzwa na jirani ni msaada, haiwezi kuwa sera.

La tatu ni lugha. Kitufe cha Kiswahili kipo, pembeni juu. Ukikibonyeza unapata salamu za Makamu Mkuu wa Chuo na historia fupi ya chuo. Ada, utaratibu wa kukata rufaa ya matokeo, namna ya kuripoti rushwa ya ngono, vyote viko kwa Kiingereza. Mfumo hauna lawama. Baadhi ya mifumo mikubwa ya leo huendesha lugha nyingi bila nyongeza yoyote, Drupal kwa mfano tangu toleo lake la nane la mwaka 2015. Najua kwamba lugha yetu ya kufundishia ni Kiingereza. Lakini anayelipa ada kwa kuuza mahindi hafundishwi darasani kwetu, na binti anayetaka kuripoti mhadhiri aliyemtaka rushwa ya ngono hapaswi kwanza kutafuta kamusi. Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kila mwaka tunaweka bango zuri katika ukurasa wa mbele. Tumekipa Kiswahili bango, tukakinyima kazi.

Kwa nini basi tulifanya haraka hivi? Kwa sababu ya orodha za ubora. Orodha ya Webometrics, inayotolewa na watafiti wa Hispania tangu 2004, husomwa katika vikao vya vyuo vyetu kama matokeo ya ligi. Lakini watayarishaji wake wanasema wazi kwamba hawapimi uzuri wa sura ya tovuti. Nusu ya alama hutokana na viungo ambavyo tovuti nyingine zimeelekeza kwako. Kila anwani tuliyoiua ilikuwa na viungo vyake. Kwa maana hiyo, tumeharibu hata kile tulichokikimbilia.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma kumjibu mwombaji ndani ya siku 30. Ninapendekeza tuitumie. Jumuiya ya wanafunzi iombe kwa maandishi orodha ya kurasa zilizoachwa, na jedwali la ruhusa lilivyo sasa. Seneti ilijadili jedwali hilo kama inavyojadili kanuni za mitihani, kwa sababu lina uzito uleule. Kurasa za zamani zirudishwe zikiwa nyaraka zisizohaririwa, chini ya usimamizi wa maktaba, ambayo ndiyo yenye taaluma ya kutunza. Ada, rufaa na malalamiko vitangulie katika kuandikwa kwa Kiswahili. Salamu za viongozi zinaweza kusubiri.

Nanyi mlio wizarani na katika halmashauri, ambako tovuti hubadilishwa sura kila anapokuja bosi mpya, ulizeni mapema yale ambayo sisi tuliyauliza tukiwa tumeshachelewa: nani anaweza kuchapisha, nani anaweza kufuta, na jina la nani litabaki limeandikwa pale kitu kinapofutwa. Majibu yapatikane kabla mkataba haujasainiwa. Rangi mtachagua baadaye.